Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vya uandishi wa habari: walimu wenu wa nje wamo kwenye madaftari, watafuteni

Ndugu Wakuu wa Vyuo,

Nakala: Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET), Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, Baraza la Habari Tanzania.

Kila msimu wa mahafali ngao hutolewa. Moja huenda kwa mgeni rasmi, nyingine kwa mfadhili aliyenunua kompyuta, nyingine kwa kiongozi aliyefika kusalimia. Hatuna ugomvi na hizo. Tunawaandikia kwa ajili ya watu wasioitwa jukwaani: mhariri wa zamu anayemkalisha mwanafunzi kando yake na kuipitia habari yake aya kwa aya, fundi mitambo wa redio ya jamii anayemfundisha kusoma mshale wa sauti kabla hajagusa kitufe, karani wa mahakama anayemwonyesha jinsi orodha ya kesi za siku inavyosomwa, mwanahabari mstaafu anayekuja chuoni Ijumaa mchana kusahihisha Kiswahili cha taarifa ya habari na hadai hata nauli. Hao wamewafundishia wanafunzi kwa miaka, na vyuo vingi havina hata orodha ya majina yao.

Tunaomba muanzishe heshima rasmi kwa wanaosaidia elimu ya uandishi wa habari katika vyuo vya kati, na muwapate wanaostahili kwa ushahidi mlio nao tayari, yaani madaftari ya mafunzo kwa vitendo.

Tunasema vyuo vya kati kwa sababu mzigo uko huko. Chuo cha Uandishi wa Habari Tanzania (TSJ) kilianza mwaka 1975 Dar es Salaam, na chuo cha Nyegezi, Mwanza, kilikuwa kikitoa waandishi chini ya Kanisa Katoliki. Mwaka 1998 Nyegezi ikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, na mwaka 2003 TSJ ikaingizwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vyuo vidogo, vingi vya binafsi, vikachukua sehemu kubwa ya kazi ya cheti na stashahada. Kisha ikaja Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, na kanuni zake za 2017 zikaweka stashahada kuwa kiwango cha chini cha kutambuliwa kama mwandishi wa habari. Waandishi waliokuwa kazini kwa cheti tu, na wengine bila cheti chochote, wakalazimika kurudi darasani. Darasa lenyewe ni lenu: Astashahada ya Awali ngazi ya 4, Astashahada ngazi ya 5, Stashahada ngazi ya 6.

Sasa tazameni kinachowezekana ndani ya chuo kimoja kidogo. Chukueni darasa la wanafunzi 40 na kamera moja. Mkiwagawa watano watano mnapata makundi 8. Kila kundi likishika kamera kwa saa 2, mzunguko mmoja umekula saa 16, na kila mwanafunzi ameishika kwa dakika 24. Zoezi la mahojiano halikamiliki kwa mzunguko mmoja. Wa kwanza sauti hutoka mbovu kwa kuwa mikrofoni ilikuwa mbali na mdomo. Wa pili mhojiwa huwa kivuli kitupu kwa kuwa dirisha lilikuwa mgongoni kwake. Wa tatu ndipo picha huanza kufaa. Zoezi moja, saa 48. Hakuna ratiba ya muhula inayoweza kubeba hilo kwa kila somo, hivyo mwanafunzi huenda kituoni akiwa bado mbichi, na anayemwivisha ni mtu wa nje.

Mtu huyo anatoa nini? Mhariri anayesahihisha kwa uaminifu hawezi kumaliza habari ya mwanafunzi chini ya dakika 20. Anauliza chanzo ni nani, anamtaka apige simu kuthibitisha cheo, anaonyesha sentensi iliyobeba maoni ya mwandishi, anamrudishia kichwa cha habari akiandike upya. Habari moja kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 8, ni dakika 800. Hizo ni zaidi ya saa 13 kwa mwanafunzi mmoja, na akiwa na wanafunzi 4 ni zaidi ya saa 53. Anazitoa wakati ukurasa wake mwenyewe unasubiriwa kiwandani. Halipwi kwa hilo, na mwajiri wake haliandiki popote.

Tuzo za EJAT zinazoratibiwa na Baraza la Habari Tanzania hupima kazi iliyochapishwa au kurushwa hewani. Kenya nako Baraza la Habari lina tuzo za AJEA kwa lengo linalofanana. Ni tuzo zenye heshima na tunazithamini. Lakini aliyemsahihisha mshindi alipokuwa ngazi ya 5 hana kundi la kuingia, maana kazi yake haichapishwi. Imebaki kwenye mwandiko wa pembeni.

Na mwandiko huo upo. Mwanafunzi anaporudi kutoka mafunzo kwa vitendo hukabidhi daftari lake, wengi huliita logibuku. Ndani yake mna kazi za kila siku, maoni ya msimamizi kwa kila wiki, sahihi yake na mhuri wa chombo. Alama zikishaingizwa, madaftari mara nyingi hufungwa kamba na kuwekwa stoo mpaka siku ya kusafisha. Hiyo ndiyo kumbukumbu pekee ya nani alifundisha nini.

Kuyasoma ni kazi ya watu wawili, mmoja akisoma na mwingine akiingiza kwenye jedwali lenye safu saba: jina la msimamizi, chombo, mkoa, mwaka, idadi ya wanafunzi, idadi ya wiki zenye maoni, na ubora wa maoni. Safu ya saba ndiyo yenye uzito. Ukikuta "mwanafunzi ni mchapakazi" imerudiwa wiki 8 kwa kalamu ileile na mkandamizo uleule, hapo msimamizi alisaini yote siku ya mwisho. Ukikuta maoni ya aina ya "amekosea jina la diwani, nimemrudisha ofisi ya kata akathibitishe, amerudi nalo sahihi", huyo alifundisha. Wekeni alama: 0 kwa sahihi tupu, 1 kwa sifa ya jumla, 2 kwa maoni yanayotaja kazi fulani, 3 kwa maoni yanayotaja kosa na jinsi lilivyorekebishwa. Daftari la wiki 8 lina upeo wa alama 24. Msimamizi mwenye wastani wa 14 au zaidi, kwa wanafunzi watatu au zaidi ndani ya miaka mitatu, aingie kwenye orodha ya awali.

Yapo mambo yatakayowakwaza. Mtu mmoja husaini kwa herufi mbili mwaka huu na kwa jina kamili mwaka ujao, na kituo hubadilisha jina, kwa hiyo linganisheni sahihi na mihuri kabla ya kujumlisha. Wapo pia wanafunzi wanaojiandikia maoni wenyewe. Dalili yake ni kwamba maoni yana makosa yaleyale ya tahajia yaliyomo kwenye maelezo ya mwanafunzi, na hakuna habari hata moja iliyotajwa kwa kichwa chake. Simu moja kwa chombo husika humaliza ubishi.

Kigezo cha wanafunzi watatu nacho kinaumiza vituo vidogo. Redio za jamii kama za Sengerema, Micheweni kule Pemba, au Orkonerei kule Terrat haziwezi kupokea idadi inayopokewa na gazeti la Dar es Salaam. Kwa vituo vya namna hiyo mwanafunzi mmoja kwa mwaka atoshe, mradi maoni yawe na uzito. Tukiulizwa, tungewapa kipaumbele. Kwenye redio ndogo mwanafunzi anaandika, anasoma, anahariri sauti na kujibu simu za wasikilizaji siku hiyohiyo, na anayemsimamia huwa ndiye pia mtangazaji wa zamu. Na kwa kuwa madaftari yana majina ya wanafunzi na maoni juu ya udhaifu wao, kumbukeni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022: jedwali libebe namba badala ya majina ya wanafunzi, na dondoo yoyote itakayosomwa hadharani iombewe ridhaa.

Wengine hawamo kwenye madaftari. Karani wa mahakama, mkutubi, fundi na mstaafu watafutwe kwa fomu ya mapendekezo ya ukurasa mmoja. Iombe maneno yasiyozidi 300, yakijibu maswali matatu: alifanya nini hasa, kwa muda gani, na mwanafunzi aliweza kufanya nini baadaye ambacho hakukiweza kabla. Iwe na wadhamini wawili, mmoja wao mhitimu aliyefundishwa naye. Fomu ndefu hujazwa na ofisi zenye maofisa uhusiano, na hao ndio wasiohitaji kutafutwa.

Kuhusu wafadhili wa vifaa tuna la kusema kwa kirefu kidogo, kwa sababu heshima nyingi zimetolewa kwa vitu visivyowahi kufanya kazi. Kamera za kanda ndogo zilizoletwa wakati kanda hazipatikani tena madukani. Miksa ya volti 120 iliyochomekwa kwenye umeme wetu wa volti 230 ikaungua siku ya uzinduzi. Kompyuta zenye programu ya kuhariri ambayo leseni yake iliisha baada ya mwaka. Mikrofoni nzuri bila nyaya zake. Mfadhili hakuwa na nia mbaya. Chuo kilipokea bila kuuliza, kikaogopa kuonekana hakina shukrani. Kwa hiyo hesabuni kifaa kuwa kimetolewa pale kinapokuwa kamili. Kamera moja ije na betri mbili, chaja, kadi mbili za kumbukumbu, stendi, mikrofoni ya kifuani na waya wake. Kisha subirini miezi 12. Mkifungua daftari la kuazimia vifaa na kukuta kamera hiyo imetoka na kurudi wiki baada ya wiki, mfadhili huyo anastahili kuitwa. Anayekuja kabla ya kununua akauliza mna umeme gani, mna fundi nani, mna wanafunzi wangapi, anastahili zaidi ya aliyeleta lori bila kuuliza.

Msimsahau mlezi wa gazeti au redio ya wanafunzi, ambaye mara nyingi yumo ndani ya chuo chenu wenyewe. Huyu ndiye anayeitwa ofisini habari ya wanafunzi inapogusa ada, mabweni au chakula cha kantini. Marekani, ambako vyuo vya jamii hufundisha uandishi kwa ngazi inayokaribiana na yenu, chama cha walimu wa fani hiyo, CCJA, kina orodha yake ya heshima. Na mwaka 2008 jimbo la California lilipitisha sheria inayokataza mwalimu kufukuzwa, kuhamishwa au kuadhibiwa kwa sababu tu ya kumtetea mwanafunzi aliyeandika jambo analoruhusiwa kisheria. Sisi hatuna kinga kama hiyo. Chuo kinachompa mlezi wake heshima kwa maandishi, kikitaja gazeti la wanafunzi kwa jina, kinampa angalau karatasi ya kushika mkononi siku atakapoitwa tena.

Sasa jambo zito. Mtu anaweza kuwa na madaftari yenye alama 24 na bado asifae kuheshimiwa, kwa sababu aliwadai wanafunzi wa kike ngono ili awasainie. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na chumba cha habari hakina msamaha. Ukimpa ngao mtu wa namna hiyo, umewaambia waliodhulumiwa kwamba chuo kiko upande wake, na umewaelekeza wanafunzi wa mwakani mlangoni kwake. Kwa hiyo kila jina la orodha ya awali lipite kwanza dawati la jinsia la chuo. Wapigieni wanafunzi wote waliopita kwa msimamizi huyo, hata ambao madaftari yao ni ya kawaida, na hasa waliokatisha mafunzo katikati au kuomba kuhamishwa kituo. Apige simu mwanamke asiyekuwa mkufunzi wao, na aulize swali la wazi: ungependa mdogo wako aende kwa mtu huyu? Majibu yabaki dawatini. Panapokuwa na shaka, jina liondolewe kimya kimya kwenye heshima, na tuhuma yenyewe ifuate njia yake ya kisheria. Hatua hii isifupishwe hata kama ukumbi umeshalipiwa.

Kamati iwe ya watu watano: mkufunzi kutoka chuo kingine, mhariri asiye na mwanafunzi wenu mwaka huo, mtu wa redio ya jamii, mhitimu wenu wa kati ya miaka mitatu na saba iliyopita, na mkutubi au mtunza kumbukumbu. Mkuu wa chuo asiwemo, wala ofisa wa udahili, maana wote wawili wanahitaji kubaki na uhusiano mwema na vyombo na watavutwa huko hata wasipotaka. Kila mjumbe atoe alama peke yake kabla ya kikao. Wakianza kwa mjadala, mwenye sauti kubwa huamua. Walioheshimiwa wasizidi watatu kwa mwaka kwa kila chuo, na mwaka asipopatikana anayestahili asipewe mtu. Tumeona tuzo nyingi zikifa kwa kuongezewa makundi kila mwaka mpaka kila mdhamini akawa na lake.

Wapewe nini? Fedha taslimu hapana. Bahasha imeshaharibu mengi katika kazi hii, na msimamizi akizoeshwa kulipwa kwa mwanafunzi, kesho atachagua wa chuo kinacholipa. Kitu chenye thamani kwake ni barua kwa mwajiri, yenye saini ya mkuu wa chuo na nakala kwa ofisa rasilimali watu, ikitaja saa alizotoa na idadi ya wanafunzi, ili iingie kwenye jalada lake. Jina lake liingie kwenye prospektasi ya chuo kwa mwaka huo. Apewe cheti kilichoandikwa sababu halisi. "Kwa mchango wako mkubwa katika tasnia" ni maneno yanayoweza kubandikwa kwa mtu yeyote. Andikeni, kwa mfano, "Kwa kusahihisha kwa maandishi kazi za wanafunzi 11 wa stashahada kwenye dawati la habari za mikoani, 2019 hadi 2024." Majina yatokane na kitambulisho, ya mtandaoni na ya kwenye WhatsApp hukosewa, na cheti chenye jina lililokosewa kikitolewa na chuo cha habari ni aibu isiyofutika. Kwa marehemu, familia iandikiwe kabla ya tangazo lolote, iulizwe nani atapokea.

Chombo kinachotoa habari za mwandishi wake kuheshimiwa na chuo kiseme wazi uhusiano huo. Na mhariri aliyeheshimiwa asiandike mwaka huo habari za usajili au ukaguzi wa chuo kilichomheshimu.

Siku yenyewe isiwe ya mahafali. Kwenye mahafali ratiba ni ya mgeni rasmi, na waliofundisha wataishia kwenye picha ya pamoja. Ama tumieni tarehe 3 Mei, Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari Duniani, ama siku wanafunzi wanaporudi kuwasilisha ripoti zao za mafunzo. Hii ya pili tunaipenda zaidi, kwa sababu ukumbi na wanafunzi vipo tayari na gharama inabaki kwenye nauli, malazi ya usiku mmoja kwa anayetoka mbali, vyeti na chai. Badala ya hotuba, kila anayeheshimiwa apewe dakika 15 na habari moja mbichi ya mwanafunzi aliyejitolea, iliyoonyeshwa ukutani kwa projekta, aisahihishe mbele ya darasa huku akieleza. Ukumbi mzima utaona anachoheshimiwa nacho.

NACTVET, tunaomba wakaguzi wenu wanapokagua vyuo waulize madaftari ya mafunzo kwa vitendo yanatunzwaje, na muweke muda wa chini wa kuyatunza. Miaka mitano ingetosha. Bodi ya Ithibati, mnaporatibu vigezo vya wanahabari, tafuteni namna ya kuandika usimamizi wa wanafunzi kama kazi ya kitaaluma. Baraza la Habari, hatuombi kundi jipya kwenye EJAT, ila ruhusuni vyuo vichapishe orodha ya majina hayo kwenye machapisho yenu mara moja kwa mwaka.

Ninyi wakuu wa vyuo, hatua ya kwanza haina bajeti wala kikao. Agizeni wiki hii kwamba hakuna daftari la mafunzo litakalochomwa au kuuzwa. Yahesabiwe, yapangwe kwa mwaka na kwa kituo, yawekwe kwenye maboksi juu ya rafu au matofali, yasiguse sakafu wala ukuta, maana stoo nyingi za vyuo vyetu zina mchwa na zinavuja masika. Mtunza stoo apewe orodha, na nakala ya orodha hiyo iwe kwa mratibu wa mafunzo kwa vitendo. Mkishafanya hivyo, tuiteni. Wapo miongoni mwetu walio tayari kuja kukaa na kusoma.

Wenu katika kazi,

Wakufunzi, waratibu wa mafunzo kwa vitendo na wahariri wasimamizi